Anamuulizia marehemu kila jioni, nimjibuje?

Barua za mwezi huu zimetoka Mwanza mjini, Magu, Sengerema na Ukerewe, na karibu zote zinaeleza jambo moja kwa majina tofauti: karudia utoto, uzee umemzidi, kachanganyikiwa, karogwa. Hospitalini linaitwa dimenshia. Si ugonjwa mmoja. Ni hali inayoletwa na magonjwa kadhaa yanayoharibu ubongo, na linaloongoza ni Alzheimer, ambalo huchukua takriban wagonjwa 60 hadi 70 katika kila 100. Linalofuata kwa wingi hutokana na mishipa ya damu ya kichwani kuziba au kupasuka, hasa kwa wenye presha ya muda mrefu au waliowahi kupata kiharusi. Barua nyingine tumezifupisha, na majina yote tumeyaondoa.

Mama yangu ana miaka 78. Ikifika saa kumi na mbili jioni anauliza, "Baba yenu mbona hajarudi?" Baba alifariki mwaka 2011. Nikimwambia ukweli analia kama kapata habari leo, na baada ya nusu saa anauliza tena. Kaka yangu ni mzee wa kanisa, anasema tukimdanganya mama tunatenda dhambi. Tufanyeje?
*Binti, Nyegezi*

Kwake yeye ni leo kweli. Wavu wa sangara ukitupwa penye dagaa hupanda mtupu, na kumbukumbu ya mama imekuwa hivyo: matundu yamepanuka, mambo madogo ya jana yanapita, makubwa ya miaka arobaini iliyopita yanabaki. Alzheimer huanza kuharibu sehemu ya ubongo inayoandika mambo mapya. Uwezo wa kuhisi hudumu muda mrefu zaidi. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwaonyesha watu 17 wenye Alzheimer vipande vya filamu, vingine vya kuhuzunisha na vingine vya kuchekesha. Dakika chache baadaye wengi walikuwa wamesahau walichokiona, lakini huzuni au furaha yenyewe ilikuwa bado imewakaa. Kwa hiyo ukimtangazia mama msiba kila jioni, msiba anausahau na majonzi yanabaki, bila yeye kujua yametoka wapi.

Kaka yako ana hoja. Kusema "yuko safarini, atarudi kesho" si uongo tu, kuna na hasara yake: mama atamsubiri mlangoni, atamtengea chakula, mwisho atatoka kumtafuta. Ila kati ya kumdanganya na kumuumiza ipo njia. Jibu kile kinachomsumbua, acha swali lenyewe. "Umemkumbuka baba, eh?" Nyamaza, msubiri. Kisha mfungulie mlango wa kumzungumzia: "Alikuwa akirudi anapenda kula nini?" Hapo hakuna uongo, na mara nyingi mama atasimulia dakika tano kisha atulie. Akiuliza waziwazi, "Kwani alikufa?", na uso wake unaonyesha anajua, mwambie kweli kwa sauti ya chini, mara moja, ukiwa umemshika mkono: "Ndiyo mama, alifariki. Nasi tunamkumbuka." Usiendelee na habari za mazishi.

Halafu angalieni saa. Wagonjwa wengi huvurugika zaidi jua linapozama: ubongo umechoka, vivuli vinamtisha, na njaa au haja ndogo vinamsumbua naye hawezi kuvitaja. Saa kumi mpeni uji au chai na kiazi. Saa kumi na moja na nusu washeni taa, msisubiri giza la saa moja, na fungeni pazia, maana kioo cha dirisha usiku hugeuka kuwa mtu anayemtazama. Mpelekeni msalani. Kisha mpeni kazi ya mikono ambayo vidole vyake vinaijua, kama kuchambua mchele au kuchagua dagaa kwenye ungo. Akirudisha mchanga kwenye dagaa, nyamazeni, mtachagua tena akilala.

Mama mkwe ana miaka 70, ameuza samaki wakavu sokoni Mlango Mmoja miaka thelathini. Sasa anakosea chenji, na wiki iliyopita alipanda daladala isiyo yake. Ni uzee au ugonjwa? Tuanzie wapi?
*Mkwe, Mabatini*

Kusahau jina la jirani kisha likakujia unapooga, huo ni uzee. Kusahau ulipoweka ufunguo, uzee pia. Kushika ufunguo usijue ni wa kazi gani, hilo si la uzee. Mfanyabiashara wa miaka thelathini kukosea chenji kunatutia wasiwasi kuliko kusahau majina, kwa sababu ni ujuzi uliozama, na kupotea njia ya kila siku vilevile.

Kabla ya kumpa jina la ugonjwa, ondoeni yale yanayofanana nao. Mtoto wa jicho humfanya mtu achanganye noti kwenye mwanga hafifu. Nta sikioni humfanya ajibu kisichoulizwa. Sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, humfanya aache kujali hesabu. Tezi ya shingo ikifanya kazi pungufu, au vitamini B12 ikipungua, akili hupunguza mwendo, na hayo yana tiba. Aliyeanguka akagonga kichwa anaweza kuvuja damu polepole chini ya fuvu na dalili zikatokea wiki kadhaa baadaye, hata kama siku yenyewe aliamka akacheka.

Anzeni kituo cha afya kilicho jirani, mwombe rufaa ya hospitali ya mkoa ya Sekou Toure, na ikihitajika hospitali ya Bugando, ambako kuna madaktari wa afya ya akili na kipimo cha CT, kinachopiga picha ya ndani ya kichwa. Mtu wa miaka 60 na zaidi aulizie dirisha la wazee, akiwa na kitambulisho. Bebeni vitu viwili. Cha kwanza ni mfuko wenye dawa zote anazotumia, na za miti shamba msizifiche. Cha pili ni daftari lenye tarehe, kilichotokea, na zamani alikuwa akikifanyaje. "Anasahausahau" halimsaidii daktari. "Tangu Machi amelipa kodi ya meza mara mbili kwa mwezi" linamsaidia sana. Aende anayeishi naye, si mtoto aliyekuja likizo. Vipimo vya kawaida ni presha, sukari, wingi wa damu, figo, tezi, B12, VVU na kaswende.

Mwambieni daktari amesoma hadi darasa la ngapi. Vipimo vingi vya kumbukumbu vinataka mtu achore saa au aandike sentensi, na bibi ambaye hakukanyaga shule ataanguka hata kama akili yake ni nzima. Ndiyo maana wilayani Hai, Kilimanjaro, kilitengenezwa kipimo kisichohitaji kusoma. Huko huko Hai utafiti ulikuta dimenshia kwa watu kama 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi, kwa hiyo msidhani ni ugonjwa wa Wazungu.

Bibi yetu alizoea kutuongelesha Kiswahili. Mwaka huu ni Kisukuma tu, nasi wajukuu tuliozaliwa mjini hatukijui. Tukimuuliza kitu anatazama tu, au anajibu kingine. Wageni wakija wanamuuliza, "Bibi, unanikumbuka?" naye anakasirika. Tuongee naye vipi?
*Wajukuu, Igoma*

Kiswahili alijifunza ukubwani, na kilichoingia mwisho ndicho hutangulia kutoka. Hajakususieni. Tafuteni shangazi au jirani anayekisema, mkae naye saa moja, mrekodi kwenye simu maneno ishirini mnayoyahitaji kila siku: maji, chakula, choo, baridi, inauma wapi, njoo, kaa, pole. Andikeni kwa matamshi yenu, mbandike ukutani jikoni. Mkiingia na "mwangaluka" asubuhi, mkampa maji mkisema "minzi" na kushukuru kwa "wabeja", uso wake utabadilika kabla hamjajifunza la nne. Nyimbo nazo hukaa muda mrefu kuliko maneno ya kawaida. Aliyelima akiimba bugobogobo ujanani anaweza asijue leo ni siku gani, akaimba wimbo mzima bila kukosea.

Swali la "unanikumbuka?" lipigeni marufuku nyumbani kwenu. Huo ni mtihani, na anajua ameshindwa mbele za watu. Mgeni ajitaje mwenyewe na kiungo chake: "Shikamoo bibi, mimi mjukuu wako, mtoto wa Masanja." Salamu yenyewe mara nyingi ataitikia vizuri, maana ameitikia maisha yake yote.

Katika mazungumzo yenyewe, kosa kubwa ni haraka. Zimeni redio na runinga. Mjieni kwa mbele, mkae chini usawa wa macho yake, mwanga ukiangukia uso wako na si mgongo wako. Mwiteni kwanza, asikie anasemeshwa. Semeni jambo moja. "Inuka uvae kandambili twende tukanawe, chakula tayari" ni amri nne, naye atashika ya mwisho au asishike hata moja. Semeni "Bibi, inuka," na mngoje. Hesabuni moyoni hadi kumi, hata ishirini. Mtu mwenye afya huona huo ni ukimya wa ajabu akaanza kurudia, na hapo ndipo panapoharibika, kwa sababu ubongo wake ulikuwa katikati ya safari na sasa unaanza upya. Mkilazimika kurudia, tumieni maneno yale yale.

Tajeni vitu kwa majina. "Kile cha pale" hakina maana kwake. "Unataka nini?" ni swali pana mno, shikeni chai mkono mmoja, uji mwingine, ateue kwa kidole. Na semeni kinachotakiwa kufanyika kuliko kinachokatazwa, maana kwenye "usitoke nje" anaweza kunasa "nje" peke yake. "Kaa hapa nami" inaeleweka upesi.

Akijibu kingine, msimsahihishe. Fuateni hisia iliyomo. Akisema ng'ombe wamepotea na hamjafuga tangu mwaka 1990, swali zuri ni "Walikuwa wangapi?"

Mzee wetu ana miaka 76, alivua sato na sangara maisha yake yote. Anaamka saa tisa usiku, anavaa koti, anataka kwenda kuangalia nyavu. Mara mbili tumemkuta mwaloni, mara moja maji yakiwa magotini. Tumfungie?
*Kijana wake, Ukerewe*

Kwenye maji mna haki ya kuogopa, na hili lisisubiri kikao cha ukoo. Lakini kumfungia kwa kufuli peke yake hapana: nyumba ikishika moto hana pa kutokea, na mtu aliyefungiwa hupambana na mlango hadi aumie. Wekeni komeo juu kabisa au chini kabisa mwa mlango, pasipo usawa wa macho, maana hatafuti pale. Tundikeni pazia la rangi ya ukuta mbele ya mlango. Fungeni kopo lenye vijiwe kwenye mlango liwe kengele. Koti na viatu vya kuvulia vifichwe jioni. Asipovikuta, mara nyingi safari huishia hapo.

Mwili wake unafuata saa ya miaka hamsini, basi mchosheni mchana. Mpeni kipande cha wavu wa zamani na sindano yake ashone, hata akiushona ovyo. Atembee asubuhi na mtu, hata mwaloni kwenyewe, aone mitumbwi imerudi. Usingizi wa mchana usizidi nusu saa, na usipite saa tisa alasiri. Vinywaji apunguze saa mbili kabla ya kulala, lakini mchana anywe vya kutosha. Mwamsheni akojoe kabla nanyi hamjalala, na muache taa ndogo kuelekea chooni: wengi huamka kwa mkojo, wakishasimama ndipo nyavu zinapowajia.

Watu wa kuambiwa ni walinzi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa uvuvi) mwaloni, bodaboda wa kijiweni, wenye mitumbwi na mwenyekiti wa kitongoji. Waonyesheni picha yake ya karibuni. Shoneni namba ya simu ndani ya ukosi wa shati, si kwenye karatasi mfukoni, maana ataitupa.

Akipotea, mmoja aende majini moja kwa moja, wengine njia ya nyumba yake ya zamani na pale alipokuwa akiegesha mtumbwi. Msitegemee kuita. Wengi wenye dimenshia hawaitikii hata wakisikia jina lao. Wengi pia huenda mbele mpaka wakwame, kwa hiyo tazameni ndani ya matete, vichaka na mitaro, si barabarani tu. Zikipita dakika 15 hamjamwona, pigeni simu kwa wote mliowaandaa, na polisi.

Ukimkuta usimvute mkono wala usimuulize "unaenda wapi?" Tembea naye hatua chache anakoelekea. "Baba, leo ziwa limechafuka. Tunywe chai kwanza." Kisha geukeni pamoja. Mvuvi anaelewa mawimbi kuliko anavyoelewa kwamba amezeeka.

Mama hataki kuoga. Ana wiki mbili. Tukimpeleka bafuni anapiga kelele majirani wanadhani tunampiga.
*Sengerema*

Chunguzeni kwanza kinachomtisha. Sakafu nyeusi iliyolowa anaweza kuiona kama shimo. Maji ya kumwagiwa kichwani hushtua mtu asiyejua yanatoka wapi. Ipo na aibu, ambayo ugonjwa hauiondoi: kuvuliwa nguo na mtoto wa kiume ni fedheha kwa mama yeyote. Aogeshwe na mwanamke. Mara nyingi mjukuu wa kike anafaulu pale binti aliposhindwa, kwa sababu ya utani wa bibi na mjukuu.

Andaeni kila kitu kabla ya kumwita. Ndoo mbili za maji vuguvugu, yaliyopimwa kwa kiwiko na si kiganja kilichozoea moto wa jiko. Kiti cha plastiki kisichoyumba, na taulo kavu chini miguu isiteleze. Kanga mbili: ya kwanza abaki nayo mabegani wakati wote, mkisafisha chini yake, ya pili ya kumfunika akimaliza. Msimuulize "utaoga?", atasema hapana na ameshakataa. Semeni "Maji ya moto tayari, mama," mkimpa kopo alishike yeye. Anzeni na miguu, kisha mikono, mgongo, sehemu za siri kwa kitambaa chake peke yake, na uso na nywele mwisho. Elezeni kila mguso kabla ya kuufanya. Akikataa, acheni kabisa, mrudi baada ya nusu saa kwa sauti mpya, ikiwezekana na mtu mwingine.

Wala si lazima aoge kila siku. Mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha, mradi uso, makwapa, chini ya matiti na mapajani vifutwe kila siku. Kama alizoea kuoga jioni akitoka shambani, msimpeleke asubuhi kwa sababu ndiyo nafasi yenu. Na kama kelele zinaanza mnapogusa goti au bega, huenda linauma. Mpeni dawa ya maumivu aliyoandikiwa, nusu saa hadi saa moja kabla ya kuoga.

Baba alikuwa na usahaulifu kidogo tu. Tangu juzi hajui yuko wapi, anaona wadudu ukutani, mchana analala, usiku anahangaika. Ndiyo ugonjwa umekua?
*Kirumba*

Nendeni hospitali leo hii. Dimenshia hutembea kwa miezi na miaka. Mabadiliko ya saa au siku, yanayopanda na kushuka, ni kuchanganyikiwa kwa ghafla juu ya ugonjwa aliokuwa nao, na kuna kitu kinachokusababisha: malaria, maambukizi ya mkojo, nimonia, kuishiwa maji, sukari kushuka, mkojo kuziba, hata choo kigumu cha wiki nzima. Dawa mpya pia. Mzee anaweza kuwa na maambukizi makali bila homa, kwa hiyo "hana joto" isiwatulize. Aliyekuwa mchangamfu akawa analala tu yuko kwenye hatari ile ile, na ndiye anayesahauliwa kwa sababu hasumbui. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama, hicho ni kiharusi, msisubiri hata chai.

Ninamtunza mama mkwe mwaka wa tatu. Kila siku ananiambia nimemwibia pesa, na amewaambia mawifi kwa simu. Nimechoka.
*Mkwe, Buhongwa*

Pole sana dada. Anazificha, anasahau kuwa amezificha, kisha ubongo unajaza pengo kwa mtu aliye karibu. Anayetuhumiwa ni anayehudumia, kwa sababu ndiye pekee anayeonekana chumbani. Hasemi uongo, anaamini hivyo. Ukijitetea atazidi, ukimwonyesha ulipozikuta atasema ulizirudisha kwa woga. Mwambie, "Pole mama, pesa kupotea inauma. Tuzitafute." Jua maficho yake, kama fundo la kanga, chini ya godoro au ndani ya pipa la unga, kisha mwongoze karibu na hapo azione yeye. Mwachie noti mbili tatu za elfu moja azishike na kuzihesabu. Pesa kubwa, kadi na namba ya siri ya simu zikae kwa mtu ambaye ukoo umemchagua mbele ya wote, na iandikwe.

Mawifi waambie wewe kabla hawajasikia tena kutoka kwake, wakiwa wote pamoja. Na hapo hapo toa ombi lenye siku na saa, si "mnisaidie". Mfano: Jumamosi asubuhi hadi jioni wifi mmoja anakuja, na aliye mbali anamlipa dada wa kusaidia siku mbili za wiki. Kutuma pesa ya dawa ni jambo jema, lakini hakukupi usingizi. Ukiona umeanza kumshika kwa nguvu au kumfokea kila siku, hiyo ni dalili ya kuomba mtu leo, si mwezi ujao.

Bibi anatembea usiku, anaongea peke yake, siku moja alitoka bila nguo. Kijijini wameanza kusema ni mchawi. Kuna vijana wametoa maneno mabaya.
*Wilaya ya Magu*

Maneno kama hayo yamewahi kuua wazee kanda hii, yachukulieni kwa uzito huo. Kuanzia usiku wa leo asilale peke yake. Nendeni kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji mkaeleze vitisho, mkitaja nani alisema nini na lini, na mripoti polisi. Kumtishia mtu maisha ni kosa la jinai, hata anayetishiwa akiwa hajielewi.

Kisha wapeni majirani maelezo mafupi wanayoweza kuyarudia: "Bibi ana ugonjwa wa ubongo, unaitwa dimenshia, ameandikiwa hospitali." Cheti cha daktari kina uzito kijijini kuliko hotuba. Mwombeni mhudumu wa afya wa jamii na kiongozi wa dini walisema hadharani. Kutembea usiku ni saa ya mwili iliyovurugika. Kuvua nguo mara nyingi ni joto, mkojo, au nguo inayombana. Kuongea peke yake ni kujibu sauti au picha ambazo ubongo unazitunga. Macho mekundu, ambayo wengine huyahesabu kuwa ushahidi, ni miaka ya moshi wa kuni na samadi jikoni. Anayewashauri mpige ramli mjue nani kamroga atawauzia adui ndani ya ukoo. Mkataeni mapema.

Duka la dawa wamenishauri kidonge cha kuongeza kumbukumbu. Kipo kweli? Na baba ananyong'onyea, hali vizuri.
*Mkuyuni*

Kinachorudisha kumbukumbu hakipo. Ipo donepezil, huanzwa miligramu 5 kwa siku, na baada ya wiki nne hadi sita daktari anaweza kupandisha hadi 10. Kwa baadhi ya wenye Alzheimer hupunguza dalili kwa muda, ugonjwa wenyewe unaendelea. Inaweza kuleta kichefuchefu, kuharisha na mapigo ya moyo ya polepole, hivyo si ya kununua bila kupimwa. La faida zaidi ni kuondoa zinazoharibu: Piriton ya mafua, amitriptyline, promethazine na diazepam ya usingizi huzidisha kuchanganyikiwa kwa wazee. Zilizoandikwa na daktari msiziache ghafla, mrudieni aone namna ya kuzipunguza.

Kuhusu kula, tazama sahani. Ugali mweupe kwenye sahani nyeupe anaweza asiuone kabisa. Nunueni ya bluu isiyo na maua. Mwekeeni kitu kimoja kimoja, ugali kwanza kisha mboga, na mle naye ili aige mkono wako. Kula kwa mkono ni afadhali kuliko kijiko alichosahau kazi yake, na michembe au matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, anaweza kula huku akitembea kama hakai, mradi bado anatafuna vizuri. Samaki atolewe miba yote jikoni, kwani mwenye dimenshia anaweza kusahau kutafuna, na mwiba wa sato haungoji. Akae wima wakati wa kula na nusu saa baadaye. Akianza kukohoa kila anapokunywa maji, au sauti ikawa kama ina majimaji, mpelekeni apimwe kumeza, na mpimeni uzito kila mwezi kwenye mizani ile ile.